Nimemsomea, Ameelewa

Namalembo, karibu na Kilambo, Mtwara
18 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Niwie radhi kwa kukaa wiki sita bila kukuandikia. Afya ninayo. Sweta ulilonifungia nimelifanya mto wa kulalia, maana joto la huku halina adabu hata alfajiri. Kigango cha kanisa letu nimekipata, kila Jumapili natembea nusu saa na familia ya mwalimu mmoja kutoka Mbeya. Mguu wa Baba unaendeleaje? Na alizeti imeota?

Simu nitapiga mara chache. Hapa kando ya Ruvuma simu yangu hudaka mtandao wa ng'ambo, wa Msumbiji, na salio huyeyuka kabla sijamaliza shikamoo. Isitoshe, chumba changu kimetengwa na ofisi kwa mbao nyembamba, na neno lolote nitakalosema litasikika. Wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri. Kwa hiyo tutaendelea na bahasha zetu. Bodaboda wa hapa atazifikisha Mtwara mjini, na mabasi yatazibeba hadi Singida.

Kazi ni ya muda, hadi tarehe 30 Septemba, na mratibu wetu, Bwana Mathayo, anasema mkataba unaweza kuongezwa kwa "atakayekuwa mtulivu". Mradi unaandikisha mashamba ili kila mwenye shamba apate hati. Mimi ndiye karani wa kijiji hiki. Kwenye fomu kuna visanduku viwili, anajua kusoma na hajui kusoma. Anayejua huweka sahihi. Asiyejua huchovya dole gumba kwenye wino, na chini yake karani huandika kwa mkono wake: "Nimemsomea, ameelewa." Shamba ambalo fomu yake haitakamilika kabla ya tarehe hiyo ya mwisho litaandikwa kuwa la kijiji.

Sasa kuna bibi mmoja, Bi Somoe binti Idrisa. Ana minazi na mikorosho juu ya bonde la mpunga. Fomu yake inasema hajui kusoma, lakini kila nikimpelekea kidau cha wino anaficha mkono ndani ya kanga. Juzi, akiwa na saumu yake, aliniambia, "Kuku akikanyaga unga anaacha alama. Hajaandika." Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Mimi nikaona aibu, nikafunga kidau.

Bwana Mathayo anataka orodha iliyokamilika. Nishauri namna ya kumbembeleza. Nisahihishie barua kama kawaida.

Ni mimi binti wa kaka yako,
Jesca

*

Singida
10 Aprili 2024

Jesca mwanangu,

Marahaba. Mguu wa baba yako umepona, ulimi wake ndio bado. Alizeti imeota vizuri upande wa barabarani, upande wa kichuguu imeota kwa kununa. Jirani yetu Esta amejifungua mtoto wa kike.

Nimekurudishia barua yako. Utaona wino mwekundu mahali saba. Neno "niwie" umeliandika vizuri, lakini herufi zako zinalala chini kama watu waliosikia risasi. Zisimamishe. Na hilo la mstari wa kumi na tisa rudia mara tatu.

Umeniuliza namna ya kumbembeleza bibi wa watu. Sitakujibu. Nami nakuuliza. Umeandika, "Fomu yake inasema hajui kusoma." Fomu haisemi, Jesca. Fomu hujazwa na mtu mwenye kalamu. Kabla ya kuweka tiki, ulimuuliza?

Nilifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nne. Sikuwahi kumwandika mtoto kuwa hajui kabla ya kumpa kitu asome.

Ndimi shangazi yako,
Agnes

*

Namalembo
28 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera kwa Esta. Mstari wa kumi na tisa nimeurudia mara tatu, karatasi nimeiambatanisha. Huku Idi imepita salama, nilipelekewa sahani nne za pilau kutoka nyumba nne. Mpunga bondeni umeanza kuinama.

Nilikwenda kwa Bi Somoe. Sikwenda na wino, nilikwenda na sukari. Alikuwa anachambua choroko barazani. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamwambia Singida. Akauliza kama Singida kuna bahari, nikasema hakuna. Akanitazama kwa huruma.

Kisha akaingia ndani akatoka na daftari. Shangazi, limejaa herufi za Kiarabu tangu mwanzo hadi mwisho, wino mweusi, mistari iliyonyooka kuliko yangu. Nilidhani ni Kurani au dua. Nikamwambia kwa upole kwamba mimi ni Mkristo na Kiarabu sikijui. Akacheka mpaka choroko zikamwagika. Alisema, "Hata mimi Kiarabu sikijui, mjukuu wangu. Hiki ni Kiswahili." Akaanza kusoma, kidole kikitoka kulia kwenda kushoto: mnazi wa kwanza wa mpakani, siku ulipopandwa, mbegu ilitoka wapi. Mkorosho wa tatu, mwaka ulipopigwa na radi. Kila mti wa shamba lile umo. Marehemu baba yake alikuwa na chuo cha Kurani, na yeye mwenyewe alifundisha wasichana pale kwa miaka mingi.

Nilimwomba anifundishe kidogo. Kwao mtoto huanza kwa kuimba: be fataha ba, be kisra bi, be dhuma bu. Nikamwambia mbona hivyo ndivyo tulivyofundishwa na wewe, ba be bi bo bu. Akasema hapana, subiri. Alama hizo za irabu, za juu na chini ya herufi, ni za mtoto tu. Mtu mzima akiandika huziacha nyingi, kama unavyomwachia mtoto mkono akishajua kutembea. Tena alama moja hubeba i na e, nyingine hubeba u na o. "Nyinyi," aliniambia, "mnasoma ndipo mnaelewa. Sisi tunaelewa ndipo tunasoma." Nilijaribu mstari mmoja kwa nusu saa. Nilipata neno moja, nalo nilikuwa nimelisikia akilisoma.

Yuko pia jirani yake, Mama Telma, jina lake Esperanca, aliyevuka mto zamani na watoto wawili. Huyo alisoma ukubwani, kwa Kireno, lugha ambayo hakuwa anaisema. Walionyeshwa picha ya jembe na neno lote chini yake, kisha wakalikata neno vipande. Anasema kwa mwaka mzima alisoma kwa sauti maneno ambayo hakuyajua maana. Leo akisoma gazeti letu la Kiswahili analisoma polepole, na mdomo wake unapinda Kireno.

Kwa hiyo naona jambo hili ni gumu zaidi ya nilivyodhani. Bwana Mathayo atakuja mwezi wa saba kukagua. Niombee.

Ni mimi,
Jesca

*

Singida
16 Juni 2024

Jesca,

Marahaba. Sisi wazima. Alizeti tumevuna. Samahani kwa kuchelewa, na kwa mwandiko huu mkubwa. Kalamu za siku hizi hazitoi wino. Barua yako sikuirudisha na masahihisho. Umekua sasa.

Bi Somoe nimempenda bila kumwona. Ni kweli hayo anayosema. Kiswahili kwa herufi zetu kina huruma kwa msomaji. Kila herufi inatimiza ahadi yake, kesho na keshokutwa. Ndiyo maana watoto wangu wengi walisoma kabla ya mwaka kuisha, na wazazi wakadhani mimi ni mchawi. Unakumbuka ulivyolia kidato cha kwanza kwa sababu ya Kiingereza? Neno lao la kisu linaanza na k ambayo haina kazi. Ulinijia na daftari ukasema, "Shangazi, wamenidanganya." Hukuwa mjinga. Ulikuwa umehamia nyumba nyingine na unatafuta mlango mahali ulipozoea dirisha. Mtu hasomi mara moja tu maishani. Anajifunza upya kila anapobadilisha nyumba, na kila mara anaitwa mjinga na waliozaliwa humo.

Umeniandikia kurasa mbili kuhusu kila mtu isipokuwa wewe. Sikuuliza kama jambo ni gumu. Niliuliza: ulimuuliza?

Agnes

*

Namalembo
7 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani kwenu hamjambo? Huku hatujambo. Mpunga umevunwa na kila ua una mkeka.

Sikumuuliza.

Siku ya kwanza walikuwa wengi, jua kali, na Bwana Mathayo amesimama nyuma yangu na saa yake. Nilimtazama bibi aliyejifunga kanga, miguu mitupu, nikaweka tiki, hajui. Aliyefuata vivyo hivyo. Wengine walinisemesha Kimakonde, nikaweka tiki. Mama Telma alitaka kuniambia kitu, nikasema "subiri mama," nikaweka tiki. Wako arobaini na mmoja. Wengi wao walikwisha chovya dole, na chini yake nimeandika kwa mkono wangu "Nimemsomea, ameelewa". Shangazi, wengine sikuwasomea. Hapakuwa na muda.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, na mkono huo ndio ulioandika uongo ule mara nyingi. Ndiyo maana sikukujibu.

Wiki mbili hizi niliwazungukia wote, nyumba kwa nyumba, na safari hii niliuliza. Kumi na saba wanasoma Kiswahili kwa herufi za Bi Somoe. Sita wanasoma Kireno, na Kiswahili kwa kujikongoja. Kumi na wanane kweli hawasomi, nikawasomea fomu tangu juu mpaka chini, na wanne kati yao wakagundua mipaka imeandikwa vibaya.

Niliandika marekebisho nikampa Bwana Mathayo alipokuja. Hakuyafungua. Alisema kusoma ni kusoma, na kwenye mradi huu kusoma maana yake ni herufi hizi za ofisini. Aliniambia, "Karani, kazi yako ni kuandika. Kufikiri kuna watu wake." Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba karani anayekiri kujaza fomu za uongo amejifukuza mwenyewe, kwa hiyo afadhali nikae kimya, na yule bibi achovye dole au apoteze shamba. Atarudi mwisho wa Agosti.

Naogopa. Sina namna nzuri ya kuliandika hilo. Nikiachia, shamba linakwenda. Nikishupaa, nakwenda mimi, na ada ya mdogo wangu inanitegemea.

Na wewe, Shangazi, hujasema kweli. Maisha yangu yote hujawahi kuirudisha barua bila wino mwekundu. Hata ile niliyokuandikia siku ya msiba wa Mama uliisahihisha koma. Mistari ya barua yako ya mwisho inapanda kama njia ya mlimani, na sehemu moja imepita juu ya nyingine. Si kalamu. Nakuuliza kama ulivyoniuliza.

Jesca

*

Singida
11 Agosti 2024

Jesca,

Mkono huu si wangu. Ni wa Upendo, binti wa mwaka wa pili chuoni, aliyesoma shule ya wasioona na ambaye jicho lake moja linaona kidogo. Mimi nasema, yeye anaandika akiwa amebandika pua kwenye karatasi. Nimemkataza kupamba maneno yangu.

Macho yangu yamekwisha. Yalianza mwaka jana pembeni, kama pazia linalovutwa, na baada ya Pasaka pazia likafika katikati. Hospitali walisema presha ya macho, wakasema nimechelewa. Barua yako ya mwezi wa nne nilisomewa na Esta, ndiyo maana haikuwa na wino mwekundu. Ile ya Juni niliiandika nikipapasa ukingo wa karatasi. Sikukwambia kwa sababu ungeacha kazi ukaja kunishika mkono, nami sitaki kushikwa mkono.

Basi sikiliza niliyotendewa. Miaka ishirini na miwili nimesoma somo la kwanza kanisani. Mei walinijia wakaniambia, kwa upole sana, "Mwalimu, pumzika." Jina langu likafutwa kwenye zamu. Hakuna aliyeuliza kama ninaweza kwa njia nyingine. Walitazama fimbo yangu, wakaweka tiki. Unaona sasa kwa nini swali langu lilikuwa kali. Sikukuuliza kwa ajili ya Bi Somoe peke yake.

Ninajifunza nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa kidole. Nina miaka sitini na minne na nimerudi darasa la kwanza. Upendo ana miaka ishirini na moja na ni mwalimu mkali, anasema nilimfundisha mama yake na sasa analipiza. Nukta sita katika kijumba kimoja, na herufi zote za lugha nzima zinatoka humo. Miaka mingi ya kushika sufuria bila kitambaa imefanya kidole changu kiwe gome, kwa hiyo nasoma kwa mkono wa kushoto. Jicho, Jesca, hulijua neno kama unavyomjua mtu anayekuja kwa mbali. Kidole hukutana naye gizani, kikaanza na pua. Nikifika mwisho wa neno nimesahau mwanzo wake. Nililia wiki ya kwanza, kama wewe na kile kisu. Tena huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, kwa kutoboa, halafu unageuza karatasi. Mwambie Bi Somoe tumekutana njiani.

Nimeapa kulisoma somo kwa kidole kabla ya mwaka kuisha. Wanaofuta majina wataniona.

Sasa wewe. Ada ya mdogo wako tutaitafuta, alizeti ipo na baba yako yupo. Usinitumie tena neno "naogopa" kama sababu. Mimi pia naogopa. Liweke kwenye barua pale penye salamu, na jambo lenyewe liendelee. Shamba la mtu halipotei kwa sababu karani wake ni mpole.

Upendo amekuwekea alfabeti ya nukta kwenye karatasi ngumu. Itunze.

Agnes

(Na mimi Upendo nakusalimu. Amenisahihisha mahali kumi na moja kwa kuniamuru nimsomee kila koma.)

*

Namalembo
8 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Naogopa. Nimeliweka penye salamu kama ulivyoagiza.

Bwana Mathayo alikuja tarehe 29 Agosti na gari na wasaidizi wawili. Ofisi ilijaa, wengine wakachungulia madirishani. Nilimkabidhi marekebisho yangu mbele ya Mwenyekiti wa kijiji, mzee Saide, na safari hii sikunong'ona. Nilisema nilijaza fomu bila kuuliza, na kwamba Bi Somoe anasoma na kuandika Kiswahili, na ninaomba aweke sahihi yake.

Bwana Mathayo aliuliza ni nani atakayethibitisha kuwa ile michoro ni Kiswahili. Labda amekariri. Labda anachora nyoka. Bi Somoe alikuwa kwenye benchi. Alimwambia, "Mwanangu, nipe neno ambalo mimi silijui."

Wakakubaliana hivi. Maalim Selemani, anayefundisha chuo sasa, akapelekwa mpaka kwenye pampu ya maji, na mgambo akasimama naye asisikie. Kisha Bwana Mathayo akainama, akamtajia bibi maneno kwa sauti ya chini, mambo ambayo kijiji kizima hakiyajui. Mimi nilikuwa mezani, nikayasikia: kwamba asubuhi ile gari lake lilikwama Mpapura, tairi la nyuma likapasuka, na akala mihogo miwili ya kuchoma kwa mama mwenye shela ya kijani. Bi Somoe aliandika bila haraka. Mara moja alimwambia, "Rudia hapo, unameza maneno."

Maalim akaitwa. Akavaa miwani, akaisogeza karatasi mbali, akaanza. Gari, Mpapura. Kwenye tairi alisita, midomo ikajaribu mara mbili, kisha akalipata, akaendelea mpaka mihogo, mpaka shela ya kijani. Watu walianza kupiga makofi, akainua mkono kuwanyamazisha, kwa sababu karatasi ilikuwa haijaisha. Akasoma mstari wa mwisho: "Na mratibu anatoka jasho."

Hayo Bwana Mathayo hakuyataja.

Shangazi, ofisi ile haijawahi kucheka vile. Hata mgambo. Bwana Mathayo alijifuta shingo, na walipoona anajifuta wakacheka upya. Kisha akakasirika kweli. Alisema yote hayo ni maigizo, mashine ya mradi haina herufi hizo, na fomu haipiti.

Nilikuwa nimekaa. Nilisimama. Nikasema, "Mashine haisomi, Bwana Mathayo. Inapiga picha. Hata sahihi yako wewe haisomeki, na kila siku inapita."

Mzee Saide alivuta muhuri wa kijiji akauweka mfukoni. Akasema kwa utaratibu wake kwamba fomu za Namalembo zitatoka zote pamoja, na ya Bi Somoe ikiwemo, au hazitatoka.

Bi Somoe akaandika jina lake lote, na la baba yake, na la babu yake. Kwenye ile sehemu ya "Nimemsomea, ameelewa" nilipiga mstari. Nikaandika: "Amesoma kwa herufi zake."

Mama Telma na wengine wakafuata. Tulimaliza saa kumi jioni.

Nimetakiwa kuandika barua ya kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua. Siku saba. Niliichana mara tatu. Ya nne ina mistari michache, na maneno yake makuu ni haya: "Niliweka tiki bila kuuliza. Hilo ndilo kosa langu. Kulirekebisha si kosa." Nimeituma. Herufi zote zimesimama.

Na somo lako je? Wamekurudishia zamu?

Jesca

*

(Barua hii iliandikwa kwa nukta, karatasi moja ngumu)

Singida, 7 Oktoba 2024

Jesca. Mkono ni wangu.

Zamu hawakunirudishia. Jana nilikwenda mbele mwenyewe. Upendo alikuwa amenitobolea somo. Kijana wa zamu alikuwa amesimama pale, nikamwambia, "Kaa, mwanangu." Akakaa.

Nilitumia dakika kumi na moja. Padre alisubiri. Wose walisubiri. Neno moja nilirudi nyuma mara nne. Sikuliacha.

Usimpe mtu akusomee barua hii.

Agnes

*

Namalembo
27 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba ameniandikia kuwa alikaa benchi la tatu siku ile, na hakuongea njia nzima ya kurudi. Korosho zimeanza kuanguka hapa na kijiji kizima kinanuka maganda yake.

Mkataba wangu haukuongezwa. Sababu imeandikwa "kumalizika kwa muda". Fomu zote zimepita. Wiki iliyopita hati zilifika, na ya Bi Somoe ina sahihi yake chini, nyeusi, vizazi vitatu kutoka kulia kwenda kushoto. Aliisoma sahihi yake, kisha akanipa mimi nimsomee yaliyo juu yake, maana hizo ni herufi zangu. Nilimsomea taratibu. Aliponiuliza neno, nilimweleza. Kisha akasema, "Sasa andika kwamba umenisomea, nimeelewa. Leo ni kweli." Nikaandika, nyuma ya daftari lake.

Nipo kwake mpaka mwisho wa mwezi. Asubuhi ananifundisha herufi zake, mchana namfundisha zetu. Yeye amenitangulia mbali. Kazi nyingine nitaitafuta, na nikiulizwa kwa nini niliondoka hapa nitasema.

Barua yako ilinichukua siku tatu. Niliiweka barazani pamoja na alfabeti ya Upendo, nikaanza kwa macho, nikihesabu nukta moja moja kama mtu anayetafuta mawe kwenye mchele. Mama Telma alipita akaniuliza kama nimeandikiwa na sindano. Siku ya pili nilifumba macho. Kidole kilinisaliti mara nyingi. Siku ya tatu nilifika kwenye "Kaa, mwanangu", na hapo nilirudi mwanzo wa mstari nikausoma tena.

Nakurudishia karatasi yako. Kalamu nyekundu ninayo, lakini kwako haina faida, kwa hiyo nimetumia sindano ya Bi Somoe, na nimetoboa kwa nyuma ili kidole chako kiikute alama yangu. Mstari wa sita, neno la kwanza: kijumba cha tatu kimepungukiwa nukta moja. Uliandika "wose".

Rudia mara tatu.

Mengine yote nimeyasoma mwenyewe. Hakuna aliyenisomea. Nimeelewa.

Jesca